KARATASI ISIYO NA JINA
Namna wafanyakazi wanavyoweza kuulizana hali ya kazi bila kibarua cha mtu kuota nyasi

Petite Barrière, kivuko cha watembea kwa miguu kati ya Gisenyi na Goma, ni mahali ambapo watu wamesalimiana kuhusu kazi mara nyingi mno. Kabla mpaka haujafungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, watu makumi ya maelfu walikuwa wakivuka hapo kila siku: akina mama wenye makapu ya nyanya na mboga, wapagazi, walemavu waliosukuma mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, wanafunzi, walimu, vibarua wa kila namna. Baada ya hapo saa za kufungua zilibadilishwa mara kwa mara, na Januari 2025 vita vilifika Goma penyewe. Lakini salamu haikubadilika. Mtu akiulizwa, "Habari ya kazi?" hujibu, "Nzuri." Akisukumwa kidogo husema, "Tunavumilia tu."

Ndugu wafanyakazi, jibu hilo ni la adabu, na sisi hatulilaumu. Ila chama cha wafanyakazi hakiwezi kwenda mbele ya mwajiri na neno "tunavumilia". Mwajiri atauliza: wangapi wanavumilia? Wanavumilia nini? Wapi, na tangu lini? Mwakilishi asiyekuwa na jibu hurudi mikono mitupu. Na akiwataja kwa majina waliomlalamikia, kesho yake hao ndio watakaoitwa ofisini.

Basi kuna njia ya tatu kati ya kunyamaza na kujitoa mhanga. Njia hiyo ni uchunguzi wa siri kuhusu hali ya kazi: kila mfanyakazi anaulizwa maswali yale yale, anajibu bila kujulikana, majibu yanahesabiwa, na hesabu inasomwa mbele ya wote. Vyuo vikuu vimeitumia njia hii kwa miaka mingi kwa watumishi wao. Katika makala hii tunaeleza inavyofanywa, inavyoharibika, na jinsi kiwanda au shamba linavyoweza kuitumia.

CHUO NI MAHALI PA KAZI

Msomaji anayechuma chai Pfunda au anayepanga makreti katika kiwanda cha bia cha Bralirwa kando ya ziwa Kivu atauliza: mambo ya walimu wa chuo kikuu yananihusu nini? Wao wanavaa tai, sisi tunavaa mabuti.

Swali ni la haki. Jibu letu la kwanza ni kwamba chuo si walimu peke yao. Chuo kina wafagiaji, wapishi, walinzi, madereva, makarani, mafundi bomba na watunza maabara. Hao wote wana msimamizi, wana mkataba, na wana mtu wa kumwogopa. Gisenyi kuna kampasi ya chuo kikuu cha ULK, na ng'ambo ya mpaka kuna Chuo Kikuu cha Goma. Popote penye chuo kuna kundi la wafanyakazi ambao hawajawahi kusimama mbele ya ubao.

Jibu la pili ni kubwa zaidi. Mwalimu wa chuo amesoma, anajua sheria, anaweza kuandika barua kwa lugha tatu. Hata hivyo mkataba wake ukiwa wa mwaka mmoja mmoja, naye anapima maneno yake kama mchumaji wa msimu. Tazama Makerere, Uganda. Chuo kile kilikuwa na kanuni zake dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia tangu mwaka 2006. Lakini mwaka 2018, baada ya malalamiko kusikika hadharani, ilibidi iundwe kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale ili kuchunguza jambo hilo hilo. Kanuni zilikuwapo miaka kumi na miwili, na watu waliendelea kuogopa kuzitumia. Kwa hiyo hofu kazini si dalili ya ujinga. Hofu inatokana na mamlaka ambayo mtu mmoja anayo juu ya chakula cha mwingine.

Na mashambani ni vile vile. Mwaka 2023 zaidi ya wanawake 70 waliwaeleza waandishi wa BBC kwamba walinyanyaswa kijinsia na wasimamizi katika mashamba ya chai ya Kericho, Kenya, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa chini ya makampuni mawili makubwa yenye asili ya Uingereza. Makampuni yalikuwa na njia zao za kupokea malalamiko. Ukweli ulitoka kwa mwandishi wa habari. Mfanyakazi anapomwamini mgeni kuliko sanduku la maoni la kazini kwake, sanduku hilo limekwisha kufa.

KARATASI IKO MKONONI MWA NANI?

Jambo la kuwauliza wafanyakazi si jipya. Aprili 1880 Karl Marx alitunga karatasi ya maswali yapatayo mia moja kwa ajili ya wafanyakazi wa Ufaransa. Aliuliza juu ya saa za kazi, mishahara, hewa ya kiwandani, mashine zisizokingwa, watoto kazini, faini. Nakala 25,000 zilichapwa na kusambazwa. Majibu yaliyorudi yalikuwa machache sana. Haishangazi: mfanyakazi aliyechoka, akiwa na taa ya mafuta, alitakiwa kuandika insha mia moja. Somo la kwanza ni hilo: maswali mengi mno humfukuza yule yule tunayetaka kumsikia.

Kisha njoo Marekani. Kati ya mwaka 1928 na 1930 kampuni ya Western Electric iliwahoji wafanyakazi wake zaidi ya 20,000 katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago. Watu walizungumza kwa kirefu juu ya joto, vyoo, chakula, wasimamizi. Wenye kampuni waligundua kwamba mtu akisikilizwa hupoa moyo. Vyama vya wafanyakazi vilipoitazama kazi hiyo baadaye viliuliza: je, aliyepoa moyo ndiye aliyetatuliwa shida yake? Mwenye kampuni ndiye aliyeuliza, ndiye aliyeandika, ndiye aliyehifadhi, na ndiye aliyeamua kipi kifanyiwe kazi. Somo la pili: kabla ya kusoma swali la kwanza, uliza karatasi itaishia kwenye kabati la nani.

Kwa hiyo hatua ya mwanzo kabisa ni kuunda kamati ndogo. Wawemo wawakilishi waliochaguliwa na wafanyakazi, mtu wa upande wa mwajiri, na mtu wa nje ambaye hana mkubwa wala rafiki mahali pale. Huyo wa nje ndiye akae na karatasi zilizojazwa. Ofisi ya utumishi isizipokee, na wala viongozi wa chama wasizipokee. Tunalisema hili la viongozi wa chama kwa makusudi, kwa kuwa katika tawi dogo mwenyekiti naye anajua mwandiko wa kila mtu.

MAFUNZO YA PETITE BARRIÈRE

Hapa hapa mpakani petu pana mafunzo mawili ambayo wataalamu wa nchi nyingi wanayasoma.

La kwanza ni la mwaka 2010. Benki ya Dunia iliwahoji wafanyabiashara wadogo na maofisa katika vivuko vya mpaka wa mashariki wa Kongo, Petite Barrière kikiwa kimojawapo. Wengi wa wafanyabiashara hao walikuwa wanawake. Kila mvukaji alikwisha kujua siri ile: rushwa ya kila siku, matusi, kuporwa mizigo, kupigwa, kushikwa mwili na watu wenye madaraka. Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini ilipohesabiwa na kuandikwa haikuweza tena kuitwa uvumi wa sokoni. Mwaka 2015 ukaidhinishwa mradi wa kurahisisha biashara katika Maziwa Makuu kwa Kongo, Rwanda na Uganda, na usalama wa wavukaji, hasa wanawake, ukawekwa ndani yake.

La pili ni la hivi karibuni na ni chungu zaidi. Wanawake wafanyabiashara kwenye mpaka wa Kongo na Rwanda walipewa mafunzo juu ya haki zao na ushuru halali. Watafiti, Kevin Croke na wenzake, wakapima matokeo na kuyatoa mwaka 2020. Rushwa ilipungua na ukatili ulipungua kwa waliofunzwa. Mtu angeweza kushangilia na kufunga daftari. Lakini watafiti waliendelea kuuliza: imepunguaje? Wakakuta kwamba akina mama walikuwa wakivuka alfajiri, kabla maofisa hawajakaa vizuri mahali pao. Maofisa hawakuwa wamebadilika. Waliobadilika ni akina mama waliojifunza kuamka mapema ili wasikutane nao.

Ndugu msomaji, hapa tusimame kidogo. Katika chuo, karani anayechukua likizo bila malipo kila bosi fulani anapokuwa zamu, hesabu itasema hana malalamiko. Katika shamba, mchumaji aliyehama kikosi ili kumkwepa nyapara, hesabu itasema ametulia. Ndiyo maana karatasi ya maswali haina budi kuuliza na hili: "Je, kuna mahali, saa, au mtu kazini ambaye unamkwepa? Kukwepa huko kunakugharimu nini?" Tusipouliza hivyo tutapima ujanja wa wanyonge na kudhani tumepima haki.

SIRI MBILI ZISIZOFANANA

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Kuna karatasi isiyo na jina, ambayo hata mwenye kuikusanya hawezi kujua ni ya nani. Na kuna karatasi ya siri, ambayo mwenye kuikusanya anajua ni ya nani ila ameahidi kutosema. Ya kwanza inalindwa na jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa. Ya pili inalindwa na ahadi ya mtu. Mfanyakazi ana haki ya kuambiwa waziwazi, kabla hajashika kalamu, anapewa ipi kati ya hizo mbili.

Na hata karatasi isiyo na jina inaweza kumtaja mwenyewe. Tuchukue mfano wa kubuni. Kampasi moja ina watumishi 180. Karatasi inauliza mambo matatu tu yanayoonekana hayana madhara: idara, jinsia, na miaka kazini. Maktaba ina watu 12. Kati yao wanawake ni wawili. Kati ya hao wawili, mmoja amefanya kazi zaidi ya miaka kumi. Basi karatasi yenye alama "maktaba, mwanamke, zaidi ya miaka kumi" imeandikwa jina, ingawa hakuna aliyeandika herufi hata moja.

Dawa yake inajulikana. Kwanza, usiulize jambo ambalo hutalitumia. Pili, tumia makundi mapana: badala ya idara, uliza "kazi ya kufundisha" au "kazi nyingine", badala ya miaka kamili, uliza "chini ya miaka mitano" au "miaka mitano na zaidi". Tatu, wekeni kanuni kwamba hesabu ya kundi lenye watu wachache haitolewi kabisa. Wengine huweka kiwango cha watu watano, wengine kumi. Sisi tunapendekeza kumi pale penye hofu kubwa. Kundi dogo liunganishwe na jingine hadi litimie.

Lakini tusiende mbali mno upande huo mwingine. Chuo Kikuu cha Rwanda kiliundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha taasisi saba za serikali, na kina kampasi katika pande mbalimbali za nchi. Katika chuo kikubwa namna hiyo hesabu moja ya jumla huweza kuficha kampasi moja inayoungua moto ndani ya nyumba sita zilizotulia. Kiwanda chenye zamu tatu ni hivyo hivyo: wastani wa kiwanda ukiwa mzuri, zamu ya usiku inaweza kuwa inateseka. Kazi ya kamati ni kupata kundi lililo kubwa vya kutosha kumficha mtu, na dogo vya kutosha kuonyesha mahali.

SWALI ZURI NA SWALI BAYA

Mwaka 1988 mwanasaikolojia wa Kimarekani, Louise Fitzgerald, pamoja na wenzake, walitoa karatasi ya maswali kuhusu unyanyasaji wa kijinsia iliyojaribiwa kwa wanafunzi, walimu na watumishi wa vyuo vikuu. Hekima yake ilikuwa nyepesi. Hakuanza kwa kuuliza, "Je, umenyanyaswa?" Aliuliza matendo: je, kuna mkubwa aliyekugusa bila ridhaa yako, aliyekuahidi cheo kwa ajili ya mapenzi, aliyekutolea maneno machafu? Neno "unyanyasaji" lilikuja mwishoni. Ikaonekana kwamba watu wengi waliokubali kutendewa matendo hayo walikuwa hawayaiti unyanyasaji.

Sisi tunalielewa vizuri jambo hilo. Mama wa sokoni atakwambia hajawahi kutoa rushwa. Muulize kama amewahi kumpa mtu "pesa ya chai", atakucheka. Basi uliza tendo, wala usiulize jina la tendo. Uliza pia muda: "katika miezi 12 iliyopita", maana "je, umewahi" inachanganya msimamizi wa leo na yule aliyestaafu zamani.

Swali liwe na jambo moja. "Je, mshahara wako na vifaa vya kazi vinatosha?" ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja, na anayejibu "hapana" hatujui amelalamikia kipi. Tena swali lisimsukume mtu. "Unaonaje juhudi kubwa za uongozi?" si swali, ni hotuba.

Lugha nayo ni sehemu ya siri. Rwanda ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Katika chuo, walimu watapewa karatasi ya Kiingereza na mfagiaji ataambiwa, "Njoo nikusomee." Hapo siri yake imekwisha. Karatasi ziandikwe kwa lugha zote zinazotumika mahali pale. Mtu mmoja atafsiri, mwingine ambaye hajaona ya asili aitafsiri upya kuirudisha, kisha zilinganishwe. Na kwa wasiojua kusoma, msomaji awe mtu wa nje, naye asome swali kwa sauti mbele ya kundi huku kila mtu akitia alama kwenye karatasi yake yenye picha au rangi.

Jambo la mwisho juu ya maswali. Kabila, dini na asili ya mtu havina kazi katika karatasi hii. Sisi watu wa mpakani tunajua kulikopita maswali ya namna hiyo na yalikoishia.

SARAFU INAYOMFICHA MTU

Kuna maswali mazito ambayo mtu hatayajibu hata kwenye karatasi isiyo na jina. Mwaka 1965 mtaalamu wa hesabu za takwimu, Stanley Warner, alivumbua njia ya kumkinga anayejibu kwa kutumia bahati nasibu. Wengine wakairahisisha baadaye, na namna iliyo rahisi ni hii.

Kila mfanyakazi anarusha sarafu pale asipoonekana. Ikionyesha kichwa, anajibu "ndiyo" hata kama si kweli. Ikionyesha upande wa pili, anajibu ukweli. Sasa mwenye kusema "ndiyo" hawezi kushikwa shati, kwani anaweza kusema ilikuwa sarafu. Lakini hesabu inasema. Kwa watu 100, sarafu italeta "ndiyo" kama 50. Tukipata "ndiyo" 65, basi 15 za ziada zimetoka kwa wale 50 waliojibu ukweli. Kumi na tano katika hamsini ni watatu kwa kila kumi. Tumeujua ukubwa wa jambo bila kumjua hata mtu mmoja.

Njia hii inataka watu wengi. Kwa watu ishirini haifai, kwa sababu sarafu haiangukii nusu kwa nusu kila mara. Inataka pia watu waielewe na kuiamini, kwa hiyo ijaribiwe kwanza mbele ya wote kwa swali la mchezo, kama vile nani alikunywa uji asubuhi.

SIKU YA KUJAZA

Siku hizi ofisi nyingi hutuma maswali kwa barua-pepe au kwa simu. Ni rahisi, na vyuo vinapenda. Lakini kiungo kinachotumwa kwa kila mtu peke yake kinaweza kuwa na alama inayomtambulisha, na fomu ya simu inaweza kubeba namba yake. Tarakilishi ya ofisini ni mali ya mwajiri pamoja na vilivyomo. Mfanyakazi asitumie anwani ya kazini kujibu maswali juu ya kazi yake. Kama intaneti itatumika, mtu wa nje ndiye aiendeshe, na kiungo kiwe kimoja kwa wote.

Karatasi bado ni rafiki mwaminifu. Zote ziwe za namna moja, bila namba ndogo pembeni. Majibu yawe ya kutia alama. Penye nafasi ya kuandika, watu waonywe kwamba mwandiko na kisa vinaweza kuwataja. Kalamu ziwe za rangi moja. Sanduku liwe na kufuli na liwekwe mahali ambapo wasimamizi hawapiti. Kila mtu, hata asiyetaka kujibu, adumbukize karatasi yake, ijapokuwa tupu, ili asijulikane aliyejibu na aliyekataa. Na muda wa kujaza uwe ndani ya saa za kazi zinazolipwa, vinginevyo akina mama wenye watoto nyumbani ndio watakaokosekana, na wao ndio wenye mengi ya kusema.

Walinzi, wapishi na wafagiaji wa kampuni za nje wasisahauliwe. Katika vyuo vingi na viwanda vingi watu hao hawamo katika orodha ya watumishi, ingawa jengo haliwezi kufunguliwa asubuhi bila wao. Uchunguzi unaowaacha nje umepima hali ya kazi ya wenye nafuu.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya kazi ya Rwanda namba 66/2018 inakataza unyanyasaji wa kijinsia kazini, na inakataza kumfukuza mfanyakazi kwa sababu ametoa taarifa au ushahidi juu ya unyanyasaji wa mkubwa wake. Sheria namba 058/2021 inalinda habari binafsi za watu. Kenya na Uganda zilitunga sheria za namna hiyo mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Tena Tanzania, katika sheria yake ya rushwa ya mwaka 2007, imeitaja rushwa ya ngono kuwa kosa. Kwa hiyo karatasi zilizojazwa si mali ya ofisi kuchezea.

Juu ya hayo upo Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza nguvu Juni 2021, ambao Rwanda na Uganda ziliuridhia mwaka 2023. Mkataba huo hauishii getini. Unamhusu kibarua, mwanagenzi na mwenye kutafuta kazi. Unahusu kazi rasmi na isiyo rasmi. Unahusu hata safari ya kwenda na kurudi kazini. Nao unataka mwajiri azitambue hatari za ukatili na unyanyasaji kwa kuwashirikisha wafanyakazi na wawakilishi wao. Mwakilishi anayeomba uchunguzi wa siri haombi hisani. Anaonyesha njia ya kutimiza wajibu ulioandikwa.

MATOKEO YARUDI KWA WENYEWE

Wapo watakaosema, "Tumejaza karatasi mara ngapi, na nini kimebadilika?" Malalamiko hayo ni ya kweli. Uchunguzi usiorudi na majibu ni mbaya kuliko kutofanya, kwa maana unawafundisha watu kwamba kusema hakuna faida, na mwaka wa pili sanduku litajaa karatasi tupu.

Kwa hiyo makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi kabla ya siku ya kwanza, nayo yawe na mambo manne. Tarehe ya kusoma matokeo mbele ya wafanyakazi wote, tena kwa lugha wanazozielewa, ndani ya miezi miwili. Hesabu ya waliojibu itangazwe kwanza: katika watu 180 wakijibu 150, tuna neno la kusema; wakijibu 40, tujiulize 140 wale waliogopa nini. Mwajiri na chama wachague mambo matatu ya kutengeneza, kila moja na jina la mwenye kuwajibika na tarehe yake. Na uchunguzi urudiwe baada ya mwaka kwa maswali yale yale, ili mabadiliko yapimwe, pamoja na lile swali la kukwepa.

Tunajua kwamba karatasi haiwezi kumtoa nyapara mbaya kazini. Haimpeleki mtu mahakamani, wala haichukui nafasi ya malalamiko ya mtu aliyeumizwa, ambayo yana njia yake na yanataka ushahidi wake. Kazi yake ni kumwonyesha kila mmoja kwamba si yeye peke yake. Karani wa chuo aliyedhani ana bahati mbaya hugundua kwamba wenzake thelathini wametia alama pale pale. Toka hapo mazungumzo na mwajiri huanza kwa sauti nyingine.

Matawi yanayotaka kuanza yasingoje wataalamu wa mbali. Chagueni kamati ya watu watano, andikeni maswali kumi yasiyozidi karatasi moja, myajaribu kwa watu wachache wa mahali pengine, mtafute mtu wa nje mnayemwamini nyote, kisha mwekeni tarehe ya kusoma majibu. Tarehe hiyo ibandikwe ukutani kabla ya karatasi ya kwanza kugawiwa.